Vipande vya shaba na feza ya kurudisha: historia kidogo mbele ya kura juu ya jetoni



Mkutano mkuu ujao utapiga kura juu ya jambo ambalo kwa macho linaonekana dogo. Komite imeleta wazo: mashini ya kusaga na depo ya chumvi na sabuni zianze kutoa jetoni, yaani vipande vidogo vyenye alama ya chama, pahali pa feza ya kurudisha ambayo haipatikani. Wale waliokuwa kwenye mikutano ya vikundi wanajua namna maneno yalivyopanda. Wamoja wanasema hii njo dawa. Wengine wanauliza: na siku tutakimbia tena, nani atatulipa hivyo vipande?

Sisi wa timu ya teren hatupigi kura. Lakini tuliombwa tuandike kitu cha kusaidia mawazo, na tumeona vizuri tuanze na historia, juu swali hili si la Bambu peke yake na si la leo. Watu wamekosa feza ndogo mara nyingi mbele yetu. Wamekata waya, wamepiga shaba, wamehesabu kwa nafaka. Pengine ilisaidia, pengine iliumiza. Na ukiangalia vizuri, sababu ya tofauti ni ileile kila mara.

Nani anakosa feza ndogo?

Tuanze na sokoni kwetu. Kongo haina feza ya chuma inayotembea mikononi mwa watu; iko noti tu. Noti ndogo zinapita kwenye mikono mingi, zinalowana, zinapasuka, zinakataliwa. Mama anafika na noti ya franka 20,000, anataka kusaga beseni moja ya muhogo. Jibu tunalijua wote: "Hapana feza ya kurudisha, mama. Kamata bombo." Bombo inamfurahisha mtoto, lakini bombo hailipi mashini. Ao anaambiwa, "Utarudia kesho." Ile "kesho" ni deni ambalo halikuandikwa pahali popote. Ao ananunua kitu ambacho hakukuja kununua, ili hesabu itimie.

Yule anayenunua mifuko kumi ya simenti haoni shida hiyo. Hesabu yake ni kubwa, mabaki ya franka 100 hayamgusi. Njo maana ukosefu wa feza ndogo ni kodi ambayo hakuna aliyeitangaza, na inalipwa na wale wanaonunua kidogokidogo: chumvi ya leo, mafuta ya leo, sabuni nusu. Katika chama chetu hao ni wengi, zaidi wamama waliorudi juzi na wanaoanza tena na biashara ya beseni moja.

Haikuwa hivi tangu zamani. Wazee wanakumbuka mwaka 1967, wakati zaire ilizaliwa: zaire moja ilikuwa makuta 100, na kila likuta lilikuwa sengi 100. Zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Kulikuwa na feza ya chuma ya kununua kitu kidogo kabisa. Franka ya leo ilianza tarehe 30 Juni 1998, na wakati huo dola moja ilikuwa karibu na franka moja na nusu. Ndiyo sababu Banki Kuu ilichapisha hata noti za santimu: 1, 5, 10, 20 na 50. Leo dola inapita franka 2,000, na hizo santimu zimebaki kwa wanaokusanya vitu vya zamani. Feza inapopoteza nguvu, inaanza kufa kutoka chini. Ndogo njo ya kwanza kutoweka.

Majina ya feza yanatukumbusha

Kuna jambo moja kwenye lugha yetu ambalo tunalipita bila kuliona. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita feza yote "pesa". Lakini pesa lilikuwa jina la kipande kimoja kidogo cha shaba, paisa ya India. Sisi tunasema "makuta": "Hana makuta." Likuta lilikuwa sehemu ndogo ya zaire, na jina lenyewe ni la zamani zaidi, la watu wa upande wa Kongo ya chini waliotumia vipande vya kitambaa cha nyuzi kama feza. Wareno waliotawala Angola walilichukua lile jina, na tangu miaka ya 1760 walipiga feza za makuta, mengine yakiwa ya shaba.

Angalieni basi. Jina la feza kubwa ya dhahabu halikukaa mdomoni mwa watu. Lilikaa jina la kipande kidogo, juu kipande kidogo njo kiliwalisha watu kila siku.

Zanzibar: mtama mbele ya shaba

Habari ya paisa inatupeleka Zanzibar. Katikati ya miaka ya 1800 feza kubwa ya biashara pale ilikuwa reale ya fedha ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi nyuma yake. Ilifaa kununua pembe za ndovu na karafuu. Lakini nani anaweza kununua samaki wa jioni kwa reale moja? Ilikuwa kama mtu kuja na noti ya dola 100 kununua nyanya.

Basi watu wadogo walihesabu kwa nafaka. Mtama, kwa kipimo cha kibaba, ulikuwa feza ya kurudisha. Mtama una faida moja: hata ukikataliwa na muuzaji, unaupika. Lakini una shida zake: unaliwa na wadudu, unapanda bei wakati wa njaa, unalowana. Katika miaka ya 1840 utawala wa Sayyid Said ukaleta paisa za shaba kutoka India, na kipande kile kikashika soko mpaka jina lake likawa jina la feza yote. Mwaka 1882 Sultani Barghash akatoa pesa za shaba zenye jina lake mwenyewe.

Hata hivyo bei ya reale moja kwa paisa haikukaa pahali pamoja. Paisa zikiwa chache, wenye nazo walizidai bei zaidi. Kubadilisha feza kukawa biashara, na aliyelipa ile faida alikuwa yule anayehitaji ndogo. Wabadilishaji wetu wa barabarani Bunia hawakubuni kitu kipya.

Kongo: mitako na feza yenye shimo

Tuingie sasa ndani ya nchi yetu. Kusini, Katanga, watu walimimina shaba nyekundu katika umbo la msalaba. Kwenye makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, watafiti walikuta misalaba hiyo pamoja na wafu. Ya nyuma inazidi kuwa midogo na ya ukubwa wa kufanana, kama vitu vya kuhesabiwa. Sifa yake ilibaki: mwaka 1961, wakati Katanga ilijitenga, feza yake ya chuma ya franka 5 ilikuwa na picha ya msalaba ule.

Kwenye mto Kongo feza ilikuwa mitako, yaani waya wa shaba ya njano uliokatwa vipande. Wafanyabiashara na serikali ya Léopold walilipa kwa mitako: chakula, wabeba mizigo, askari. Muda ulivyopita, mitako ilifupika. Kila mmoja aliyeweza kukata kidogo alikata, na aliyepokea ya mwisho alipokea fupi. Hakukuwa na mtu wa kumwendea na kumwambia: hii si urefu tuliopatana.

Mwaka 1887 Léopold akaamuru feza mpya. Ndogo zake, santimu 1, 2, 5 na 10, zilikuwa za shaba, na shimo katikati ili mtu azitunge kwenye kamba. Zilikuwa nzuri kwa kazi, nzito, na jina la mfalme juu yake. Lakini kwa miaka mingi, mbali na bandari na vituo vya serikali, watu waliendelea na waya, nguo, chumvi na shanga. Kwa nini? Juu serikali ileile iliyopiga feza haikuitaka wakati wa kudai kodi. Ilitaka kauchu, ilitaka mikono ya kazi. Sasa mtu wa kijiji aipokee santimu kwa sababu gani, ikiwa aliyeitoa mwenyewe haipokei? Chini ya Wabelgiji, kuanzia miaka ya 1910, kodi ilidaiwa kwa feza, na franka ikaingia vijijini kwa nguvu, pamoja na mateso ya kuitafuta.

Tuweke alama hapa, tutarudi: feza inashika pale aliyeitoa anakubali kuipokea tena.

Kampuni ya mgodi iliyopiga shaba yake

Mfano unaokaribia zaidi wazo la komite yetu uko mbali, Uingereza, lakini watu wa Bambu watauelewa upesi, juu ni habari ya mgodi.

Katika miaka ya 1780 viwanda vya Uingereza vilikuwa vinakua, wafanyakazi wanalipwa kila juma, na feza ndogo haipo. Serikali iliacha kupiga shaba mwaka 1775, na ilikaa hivyo mpaka 1797. Nyingi ya zile zilizokuwa zinatembea zilikuwa za uongo. Mabwana wa kazi walifanya nini? Wengine waliwalipa wafanyakazi kadhaa kwa feza moja kubwa. Wale wafanyakazi walilazimika kwenda pamoja kwenye baa ili ivunjwe, na mwenye baa alitaka wanywe kwanza. Mshahara ulifika nyumbani umepungua. Wenye kuchimba kwetu, wanaogawana feza ya kikundi siku ya mauzo, hawahitaji kufundishwa hilo.

Kwenye kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, kulikuwa na mlima wa shaba unaoitwa Parys. Kampuni ya pale, Parys Mine Company, mwaka 1787 ilianza kupiga peni zake yenyewe kwa shaba yake. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mzee mwenye ndevu, kuhani wa zamani wa nchi ile. Kila peni ilikuwa na uzito wa gramu karibu 28, nzito kuliko zile za uongo sokoni. Lakini uzito haukuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa maandishi: kampuni ilijifunga kumlipa mwenye kipande peni moja, na kwenye ukingo ikataja wapi ataipata: London, Liverpool ao Anglesey. Mtu yeyote akichoka nazo, anakusanya, anazipeleka, anapewa feza ya serikali.

Watu walizipokea hata mbali na mgodi. Mwenye viwanda vya chuma John Wilkinson akatoa zake mwaka uleule, na nyuma yake wenye maduka na miji mingi. Hakuna sheria iliyowalazimisha watu kuzipokea. Walizipokea juu walijua mlango wa kubisha hodi.

Kisha wakaja wajanja. Wao pia walipiga vipande, vyepesi, vyenye picha nzuri. Vingine havikuwa na jina la mtu yeyote. Vingine viliandikwa kwamba vinalipwa "popote". Inasikika vizuri kuliko mji mmoja, sivyo? Lakini kinacholipwa popote hakilipwi pahali. Aliyebaki navyo mkononi alibaki na kipande cha chuma. Mwaka 1797 serikali ikaanza tena kutoa peni za shaba zilizopigwa kwa mashini za mvuke za Matthew Boulton, na mwaka 1817 bunge likapiga marufuku jetoni za watu binafsi.

Tabora 1916: wakati mlango unafungwa

Sasa tuangalie upande mwingine, siku mlango unafungwa. Hapa babu zetu wanaingia ndani ya habari.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika ya Mashariki, Wajerumani walioshika Tanzania bara ya leo walifungiwa bahari. Feza mpya haikuingia. Rupia yao iligawanyika katika heller 100, na ndogo zikaanza kukosekana. Kwanza wakachapisha noti za muda, nyingine kwa karatasi duni na mihuri ya mkono. Halafu mwaka 1916, kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, wakapiga vipande vya heller 5 na heller 20. Malighafi ilikuwa ile iliyopatikana: mabaki ya shaba, na shaba ya njano ya maganda ya risasi. Viko hata leo kwa wakusanyaji: vimepigwa vibaya, vimepinda, herufi T ya Tabora chini. Walipiga pia feza ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke.

Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, wa Force Publique chini ya Jenerali Tombeur, waliingia Tabora. Wajerumani walikuwa wametoka. Fikiria basi muuza sokoni wa Tabora asubuhi ile, na sanduku lake. Mwenye tembo wa dhahabu hakupoteza kitu, dhahabu ni dhahabu kokote. Mwenye heller za shaba alikuwa angalau na chuma. Mwenye noti za muda alikuwa na karatasi ya serikali ambayo haina tena ofisi mjini. Wakubwa walikuwa na dhahabu. Wamama wa soko walikuwa na heller na karatasi.

Sisi tuliokimbia na kurudi tunaielewa Tabora kuliko wasomaji wengine.

Bambu: dhahabu nyingi, feza ndogo hakuna

Na hapa kwetu? Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa Wabelgiji tangu 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, na Bambu ikawa makao ya ofisi zake: nyumba za wakubwa, karakana, hospitali, kambi za wafanyakazi. Nyuma ya uhuru ikaitwa OKIMO. Mwaka 1982 Mobutu alifungua uchimbaji wa mikono kwa raia, na dhahabu ikaanza kupita mikononi mwa watu wote.

Tangu hapo Bambu imeishi na kitu cha ajabu: thamani kubwa mfukoni na hakuna cha kununulia kiberiti. Na kiberiti chenyewe kikawa kipimo. Kwenye mizani ndogo ya mnunuzi wa dhahabu, njiti ya kiberiti na feza ya chuma ya zamani, isiyonunua tena kitu, vinakaa upande mmoja, na vumbi ya dhahabu upande wa pili. Kipande cha chuma kilichokufa kama feza kikafufuka kama jiwe la mizani. Ila njiti ni ya nani? Ni ya mnunuzi. Nzito ao nyepesi, kavu ao mbichi, yeye njo anaichagua. Ni kama mitako tena: kipimo kikiwa mkononi mwa upande mmoja, upande wa pili unafupishiwa.

Noti za serikali nazo zilitufundisha. Januari 1993 huko Kinshasa askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Wenye maduka waliikataa, na uporaji ukafuata, watu wengi wakafa. Oktoba mwaka uleule zaire mpya ilitolewa, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Kasai waliikataa na kuendelea na zile za zamani, zilizochakaa. Noti ilikuwa na saini ya gavana wa banki, lakini watu waliamua wenyewe. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, Ituri tulihesabu kwa dola na kwa shilingi za Uganda, na mpaka leo upande wa Aru na Mahagi shilingi inatembea kama ya nyumbani.

Kisha Desemba 2017 Djugu ikaingia tena motoni. Watu waliacha nyumba, mashamba, na kitu kingine ambacho ripoti haziandiki: madeni madogomadogo. "Utarudia kesho" ya wote. Wamoja wamerudi, mwenye butiki hajarudi. Wengine wamerudi, daftari limeungua. Hakuna aliyeiba, lakini feza ya mama imepotea kabisa kama imeibwa.

Basi, jetoni ao hapana?

Tukikusanya yote, shaba, waya, karatasi ao nafaka si jambo la kwanza. Jetoni ni ahadi iliyoshikwa mkononi. Ni nzuri kiasi cha mlango wake: nani aliitoa, anapatikana wapi, anaipokea siku gani, na siku atakosekana nani anashika pahali pake. Anglesey walitaja mlango. "Popote" hawakuwa nao. Léopold alikuwa nao akaufunga mwenyewe. Tabora mlango ulihama usiku.

Kwa hiyo, kama mkutano mkuu utakubali jetoni, tunaomba vikundi vijadili mambo haya mbele ya kura:

Kwanza, sheria. Nchini mwetu ni Banki Kuu ya Kongo peke yake inayotoa feza. Jetoni yetu isiwe feza. Iwe tikiti ya mashini na depo: imeandikwa "kusaga beseni moja", wala si "franka 500". Hivyo pia bei ikipanda, mama hapotezi. Amelipia kusaga, atasaga.

Pili, tusitumie shaba. Kipande cha shaba kina bei yake kwa wanunuzi wa vyuma, na kesho mtu atakata waya wa mashini yetu ili atengeneze jetoni. Karatasi ngumu yenye muhuri, namba na saini mbili inatosha.

Tatu, kwa kila jetoni inayotoka, feza yake iwekwe kwenye sanduku la pekee, lenye funguo tatu kama sanduku la akiba ya vikundi. Komite isikopeshe kitu kutoka ndani, hata kwa msiba. Msiba una kese yake.

Nne, mwenye jetoni akitaka feza, apewe, siku ya soko, bila kukatwa na bila kuulizwa sababu. Jetoni isiyorudishwa kuwa feza ni bombo yenye muhuri.

Tano, asilipwe mtu kazi yake kwa jetoni. Huo ulikuwa mlango wa unyonyaji kwenye migodi mingi ya dunia: mshahara unaotumika kwenye duka la bwana tu.

Sita, na hili njo letu sisi waliorudi: daftari la namba za jetoni liwe na nakala mbili, moja Bambu na moja Bunia kwa mwakilishi wetu, na nakala ya Bunia ifanywe upya kila mwezi. Tukilazimika kuhama tena, Mungu atuepushe, mwenye jetoni abishe hodi Bunia na apate haki yake. Hili likikosekana, tunashauri mkutano ukatae jetoni mpaka lipatikane.

Kwa ndugu wafadhili tuna maombi mawili. La kwanza: kabla ya kugharimia jetoni, tusaidieni kupata noti ndogo zenyewe. Chama kinaweza kubadilisha noti kubwa kwa ndogo Bunia, lakini barabara ina hatari na safari ina bei yake. Mfuko wa noti za franka 100, 200 na 500 unaozunguka kati ya Bunia na Bambu ungeondoa sehemu kubwa ya shida hii. La pili: msaada wa feza ukija kwa noti za 20,000 ao kwa dola kubwa, familia inalipa kwa mbadilishaji ili iivunje. Ule ni msaada wenu unaobaki barabarani. Tafadhali leteni sehemu ya msaada kwa noti ndogo, hata kama kuzihesabu kunachukua muda mrefu. Sisi wa teren tutahesabu.

Vikundi vitume maoni kwa makatibu wao mbele ya mkutano mkuu. Kila mwanachama aliye na deni la "utarudia kesho" la mashini ao la depo aliandikishe sasa kwa katibu, jina na kiasi, hata kama ni franka 100. Jetoni zikipita ao zisipite, yale madeni tuanze kuyalipa.